Wawelshi wamenikosha jamani, njooni niwaelezee hawa watu

Beba Boksi Taratibu (mleta uzi)

Wakuu habari za muda huu.

Kuna watu hapa duniani waligombania kibao cha barabarani mpaka serikali ikachoka yenyewe. Sio mafuta, sio dhahabu, kibao, kile cha kukuonyesha mji fulani uko upande huu. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 watu walikuwa wanatoka usiku na ndoo za rangi wanapaka vibao vilivyoandikwa Kiingereza peke yake, wanakamatwa, wanapigwa faini, wengine jela, wakitoka wanarudi tena na rangi. Leo ukivuka tu kutoka England kibao cha kwanza kinakupokea kwa lugha mbili na hakuna anayeshangaa. Hao ndio Wawelshi, na nitangulize kabisa kwamba nawapenda, sitajifanya niko katikati.

Kwa wasiowajua, Wales ni kanchi kadogo ubavuni kwa England upande wa magharibi, kilometa za mraba kama 20,800 hivi, haifiki hata mkoa wa Iringa, watu milioni 3 na ushee, kondoo karibu mara tatu ya watu. Wako dola moja na England, Scotland na Ireland ya Kaskazini ila wana bunge lao Cardiff tangu 1999, walilipata kwa kura ya maoni ya 1997 iliyopita kwa upepo tu, asilimia 50.3. Ile bendera ya Uingereza mnayoijua ina misalaba ya England, Scotland na Ireland, Wales haimo kabisa. Ndio maana joka lao jekundu utaliona kila kona, mpaka kwenye baa na madirisha ya magari.

Mimi niko mabonde ya kusini, Rhondda, nafanya keya, ile kazi ya kuzunguka nyumba kwa nyumba kuhudumia wazee. Nyumba zimeshikana mstari mmoja mrefu unaofuata mlima, zilijengwa kwa ajili ya wachimba makaa ya mawe, na mgodi wa mwisho wa Rhondda ulifungwa 1990. Kazi zimeondoka, kilichobaki ni kwaya, raga, vilabu vya wafanyakazi na maneno mengi. Wawelshi wanaongea jamani! Simama kituo cha basi kidogo tu, mama mtu mzima ashajua unatoka wapi, una watoto wangapi, mama yako yuko hai au la, na kama hujavaa koti la maana utasemwa. London nimekaa pia, huko jirani yangu nilimjua kwa viatu vyake tu.

Lakini ukarimu peke yake sio sababu ya kuandika uzi, watu wakarimu wapo kila mahali. Kilichonifanya niwaheshimu ni hii habari ya bonde la Tryweryn, kaskazini huko. Jiji la Liverpool, ambalo liko England, lilitaka maji. Likaenda moja kwa moja bunge la London bila kuomba kibali kwa halmashauri yoyote ya Wales, sheria ikapita 1957. Wabunge wa Wales walikuwa 36, thelathini na tano wakakataa, hakuna hata mmoja aliyepiga ndiyo, na haikusaidia kitu kwa sababu wenzao ni wengi. Mwaka 1965 kijiji cha Capel Celyn kikazamishwa, nyumba, shule, posta, kanisa, makaburi. Baadhi ya ndugu waliwahamisha marehemu wao, waliobaki wakafunikwa zege kisha maji juu. Na kijiji chenyewe kilikuwa cha Kiwelshi tupu, vya aina hiyo vilishaanza kuwa adimu. Liverpool wakaja kuomba radhi 2005, miaka arobaini imepita, wahusika wengi washakufa.

Sasa kusini kidogo ya Aberystwyth kuna kipande cha ukuta wa nyumba iliyobomoka, pembeni ya barabara, mtu aliupaka rangi akaandika kwa Kiwelshi kumbukeni Tryweryn. Ukuta ule umechafuliwa mara nyingi tu na 2019 wakaubomoa upande. Unajua watu walifanya nini? Wakaujenga upya haraka, halafu maneno yale yale yakaanza kuota kwenye kuta za nchi nzima, mazizi, mageti, vituo vya mabasi. Yaani ukimfutia Mwelshi ukuta mmoja amekuandikia mia.

Haya, niwapeleke kwa mzee wangu mmoja ninayemhudumia. Mapafu yake yameliwa na vumbi la makaa, akipanda ngazi anapumzika katikati. Ukutani sebuleni ana picha mbili kubwa, moja ya ndoa yake na nyingine ya Paul Robeson. Mzungu wa kijijini, pembeni ya mkewe ametundika Mmarekani mweusi! Nikauliza, na chai yangu ikapoa kabisa.

Ni hivi. Robeson alikuwa mwimbaji na mwigizaji mkubwa, anaishi London mwishoni mwa miaka ya 1920. Siku moja mtaani anasikia watu wanaimba, sauti zimepangwa kama kanisani, kutazama ni wachimba makaa wasio na kazi wametembea kwa miguu kutoka Rhondda kuja kuomba msaada. Akaingia kwenye mstari akatembea nao, akawaimbia, akawachangia nauli ya treni ya kurudi kwao. Urafiki ukaanzia hapo. Mwaka 1938 alikuja Mountain Ash kuimba kwenye kumbukumbu ya Wawelshi 33 waliokufa vita ya Hispania, baadaye akacheza filamu iliyopigwa hapa hapa mabondeni, yeye akiwa mchimba makaa. Mwenyewe alikuwa anasema wachimba makaa wa Wales ndio waliomfumbua macho kwamba dhiki ya mtu mweusi na dhiki ya mfanyakazi mzungu zina baba mmoja.

Kisha 1950 serikali ya Marekani ikamnyang'anya pasipoti kwa ajili ya siasa zake. Wengi walimkimbia, Wawelshi hawakumkimbia. Oktoba 1957 wachimba makaa walikuwa na tamasha lao Porthcawl, wakafanya mpango wa simu, ile waya inayopita chini ya bahari ya Atlantiki, Robeson akiwa New York anaimba na ukumbi wa watu kama elfu tano unasikiliza kwenye spika, halafu wao wakamrudishia wimbo wa taifa lao kwa simu hiyo hiyo. Hii ni 1957, simu ya kimataifa ni kitu cha mabalozi! Baba yake huyu mzee alikuwemo ukumbini. Mwaka uliofuata pasipoti ikarudi, na Robeson akaja mwenyewe kwenye tamasha lao la taifa, Ebbw Vale.

Na sasa utamu wenyewe: huyu huyu Robeson miaka ya 1930 aliingia chuo cha lugha pale London akasoma Kiswahili, tena katika filamu yake moja ya wakati huo Jomo Kenyatta alikuwemo kama mmoja wa watu wa nyuma nyuma. Nilipomwambia mzee kwamba lugha ninayoongea na mama yangu kwenye simu ndio ile aliyoisoma Robeson, cheo changu cha keya kikaishia hapo hapo, siku hizi nikifika nakuta mkate wa zabibu umeshakatwa.

Mambo ya lugha yao namalizia nayo. Karne ya 19 baadhi ya shule mtoto akikutwa anaongea Kiwelshi alivalishwa kibao cha mbao shingoni. Viwanda vikaja, watu kutoka nje wakaja, lugha ikaporomoka. Mwaka 1962 wakaanzisha chama cha kuitetea, 1980 serikali ya Thatcher ilipokiuka ahadi ya kituo cha televisheni cha Kiwelshi, Gwynfor Evans, kiongozi wa chama cha Plaid Cymru, mzee wa miaka 67, akatangaza atagoma kula mpaka afe. Serikali ikarudi nyuma, kituo kikaanza 1982 na kipo mpaka leo. Sensa ya 2021 wasemaji walikuwa kama 538,000, asilimia 17.8, na serikali yao imeweka lengo la milioni moja ifikapo 2050. Mtu anajua Kiingereza kama maji ya kunywa lakini akifika ofisi ya serikali anataka fomu ya Kiwelshi, na kisheria anapewa.

Sisi wenye wasemaji zaidi ya milioni mia, wenye siku yetu ya Kiswahili duniani tarehe 7 Julai, mtoto akifika kidato cha kwanza anaanza kufundishwa baiolojia kwa Kiingereza na mwalimu ambaye naye hicho Kiingereza kinamtoa jasho. Haya karibuni, matusi muyaache mlangoni.

---

Mtoto wa Mama Ntilie

Nimewahi siti ya mbele, mwenye karanga apitishe huku.

---

Nyundo Haiombi Radhi

Mleta uzi umelishwa mkate wa zabibu ukasahau historia. Stanley yule wa Ujiji 1871, aliyekwenda kumtengenezea mfalme Leopold wa Ubelgiji ile Kongo, huko wakamwita Bula Matari, ni mtoto wa wapi? Ni wa Denbigh, Wales, jina lake la kuzaliwa John Rowlands. Na sanamu wamemjengea juzi juzi tu 2011, sio enzi za ukoloni! Halafu 1919 pale Cardiff wazungu waliwavamia mabaharia weusi na Waarabu majumbani mwao watu wakafa. Na yule Msomali Mahmood Mattan, akanyongwa 1952 kwa mauaji ambayo hakuyafanya, hukumu ikaja kufutwa 1998. Wazungu ni wazungu tu mkuu, tusidanganyane.

---

Beba Boksi Taratibu

Mkuu Nyundo hayo yote ni kweli na mimi nakuongezea. Kasri la Penrhyn kule kaskazini, kubwa utadhani la mfalme, utajiri wa ile familia ulianzia kwenye mashamba ya watumwa Jamaica, wakaja kuwekeza kwenye machimbo ya mawe ya kuezekea. Na wafumaji wa vijiji vya katikati ya Wales walikuwa wanatengeneza kitambaa kigumu cha sufu kilichouzwa kuwavisha watumwa. Mafukara wa huku wanawafumia nguo watumwa wa kule na tajiri ni yule yule. Tena wafanyakazi wa hayo machimbo ya Penrhyn waligoma 1900 mpaka 1903, miaka mitatu, familia zikaweka karatasi dirishani kwamba humu hakuna msaliti, na waliorudi kazini mapema wajukuu zao wanakumbushwa mpaka kesho.

Stanley 2021 wakazi wa Denbigh walipigishwa kura kuhusu sanamu, wengi wakataka ibaki, mimi ningepiga kura nyingine. Lakini kupenda watu sio kuwatolea cheti cha utakatifu bwana, mbona mashemeji zako unawapenda. Na kumbuka Machi 2024 waliompa uwaziri mkuu wa Wales ni Vaughan Gething, kazaliwa Zambia, mama Mzambia, mtu mweusi wa kwanza kuongoza serikali ya nchi Ulaya. Alidumu miezi michache siasa zikamtoa, ila aliingia.

---

Nyundo Haiombi Radhi

Hapo kwa mashemeji umenipata. Endelea.

---

Malenga wa Micheweni

Assalaam aleikum. Mie naomba utufafanulie hilo tamasha lao, nimesikia ni la mashairi na mshindi hupewa kiti. Kiti kweli cha kukalia?

---

Beba Boksi Taratibu

Waaleikum salaam mzee wangu Malenga, nilikuwa nasubiri mtu wa Pemba aulize.

Linaitwa Eisteddfod, la taifa linafanyika kila mwaka wiki ya kwanza ya Agosti, mwaka mmoja kaskazini mwaka mwingine kusini, na jukwaani ni Kiwelshi tu. Kiti ni kiti kweli, seremala bingwa anakichonga kipya kila mwaka na mshindi anakwenda nacho nyumbani. Kinatolewa kwa shairi refu la arudhi, na arudhi yao mzee wangu si ya kitoto, wana bahari 24, yaani mitindo 24 ya kupanga shairi, mstari unagawanywa, halafu konsonanti za kipande cha kwanza zinatakiwa zijirudie kwa mpangilio ule ule kipande cha pili, na vina vya kati juu yake. Mtunzi anayelegeza herufi moja majaji wanamuona. Wanayatunga walimu, wachungaji, wakulima wa kondoo, na redioni kuna mashindano kabisa ya timu kwa timu, majibizano kama malumbano yenu ya huko.

Kitakachokufurahisha ni hiki: ule ugomvi wetu wa miaka ya 1970, mashairi huru ni mashairi au si mashairi, wao waliumaliza kwa fanicha. Mwenye arudhi anapewa kiti, mwenye bahari huru anapewa taji, kila mmoja na siku yake ndani ya wiki hiyo hiyo, hakuna wa kumtukana mwenzake.

Siku ya kiti washairi wote wametumia majina ya bandia, ukumbi hamjui mshindi. Linatajwa lile jina la bandia, tarumbeta inapigwa, na mshindi anasimama popote alipokaa katikati ya watu. Anapandishwa jukwaani, upanga mkubwa unachomolewa nusu na ukumbi unaulizwa mara tatu, kuna amani? Watu wanaitikia kwa sauti moja, amani! Ndipo anakaa.

Sasa 1917 tamasha lilikuwa Birkenhead, vita ya kwanza bado. Jina likatajwa, tarumbeta ikalia, hakuna aliyesimama. Ikaitwa tena, kimya. Ikatangazwa kwamba mshindi aliuawa vitani Ubelgiji tarehe 31 Julai, wiki chache tu nyuma. Alikuwa kijana wa shambani kutoka Trawsfynydd, Ellis Evans, kwa jina la ushairi Hedd Wyn. Kile kiti wakakifunika kitambaa cheusi na kikapelekwa hivyo hivyo kwa wazazi wake. Mpaka leo kiko nyumbani kwao, pamefanywa makumbusho, unaweza kwenda kukiona.

---

Malenga wa Micheweni

Laa ilaaha illa llah. Hao ni watu.

---

Nesi wa Machakos

Hii uzi imenifikia juu hapo kwa kibao cha shingoni. Sisi shule ya msingi tulikuwa na disk, ukipatikana unaongea Kikamba unavalishwa, halafu wewe kazi yako siku nzima ni kuwinda mwenzako ateleze umpatie, jioni mwenye kubaki nayo ndiye anachapwa. Nikaenda makumbusho flani ya St Fagans nje ya Cardiff nikasoma vile hao wa Wales walikuwa wanafanyiwa, ni ile ile! Kutoka mtoto kwa mtoto, wa mwisho jioni anapigwa. Mtu alisafirisha hiyo maneno kwa meli akatuletea.

Kitu ingine mmesahau, hii huduma ya afya yenye imetuajiri sisi wote huku ilianzishwa 1948 na Aneurin Bevan, mtoto wa mchimba makaa kutoka Tredegar. Kwao wafanyakazi walikuwa wanakatwa pesa kidogo kila wiki kwa mshahara wanaajiri daktari wao, familia yote inatibiwa. Bevan akachukua hiyo akaipatia nchi mzima. Kila payslip yangu naona ni kama chama ya Tredegar ndio imenilipa.

---

Mhehe Asiyetulia

Mnaongea vizuri ila mnaruka kitu. Mleta uzi unajilinganisha na Mwelshi wakati wewe na Kiswahili chako ndio Mwingereza! Mwelshi wa Tanzania ni mimi. Kihehe changu hakina shule, hakina gazeti, hakina televisheni, wanangu wako Dar wanaelewa neno moja moja, na redio zetu zinatakiwa kutangaza Kiswahili au Kiingereza. Tukidai mnatuita wakabila. Nani ananitetea mimi na ndoo ya rangi?

---

Beba Boksi Taratibu

Mnyalukolo umekuja na rungu. Sikubishii kwamba Kiswahili kimezikalia lugha nyingine. Ninachokubishia ni hapo pa kusubiri mtetezi. Wales 1971 hawakusubiri serikali, akina mama walianzisha chama cha shule za chekechea za Kiwelshi, kwenye kumbi za makanisa, vyumba vya jamii, popote penye mkeka, na leo wazazi wengi wanaopeleka watoto shule za Kiwelshi huku kusini wenyewe hawajui hata kusalimia kwa lugha hiyo. Hakuna sheria ya Tanzania inayokukataza kukusanya watoto wa Kihehe kumi Jumamosi pale Kimara. Serikali nayo tuidai, ila hiyo Jumamosi ni ya kwako.

---

Mhehe Asiyetulia

Kumi siwapati, ila wajukuu wa dada yangu wanne wako Mbezi. Nitakuja kuwaambia humu.

---

Mgisu wa Mlimani

Salamu kutoka Mbale, Uganda. Sisi hawa Wawelshi tunawajua sana. Huko kwao mtoto akizaliwa serikali inapanda mti mmoja Wales, na tangu 2014 mwingine unapandwa huku Mlima Elgon. Mwaka 2010 udongo uliporomoka Bududa ukazika watu wengi sana, kwa hiyo mti kwetu si pambo. Miti milioni kumi ilitimia 2019, halafu wakaweka lengo la milioni 25. Na kahawa ya akina mama wa huku inauzwa Wales. Ukiwa dukani uitafute bwana, usinywe chai tu.

---

Beba Boksi Taratibu

Mgisu hiyo kahawa ninayo jikoni, ni nzito kweli kweli.

---

Mtoto wa Mama Ntilie

Karanga zimeisha. Mkuu mimi nipo Birmingham, Agosti nina likizo, nataka nione hayo mabonde na hiyo milima ya kaskazini kwa pamoja. Kutoka kwako mpaka kaskazini treni ipo?

---

Beba Boksi Taratibu

Treni ipo ila jiandae kucheka. Reli zao zilijengwa za kupeleka makaa na mawe bandarini na za kwenda England, za kuunganisha Wales na Wales hakuna aliyezijali. Treni ya kutoka Cardiff kwenda Holyhead inatoka Wales, inaingia England, inapita Shrewsbury, halafu ndio inarudi Wales. Wewe wa Birmingham basi njoo kwanza kusini ulale kwangu, kesho yake panda hiyo mpaka Llandudno Junction, shuka, kuna katreni kadogo kanapanda bonde la Conwy mpaka Blaenau Ffestiniog, huko utakuta milima ya vipande vya mawe meusi mpaka nyuma ya nyumba za watu. Trawsfynydd kwa yule mshairi si mbali na hapo. Mwavuli usibebe, upepo utauvunja siku ya kwanza, nunua koti lenye kofia. Njoo PM nikupe namba.